Ndege Weusi wa Bustani ya Homa Bay

Niliandika "mnandi". Neno moja, kwa wino wa buluu, chini ya picha ambayo ndani yake hapakuonekana ndege yeyote ila doa jeusi juu ya tawi. Kisha nikatia sahihi. Karani Mkuu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, mkono wake juu ya egemeo, na hakunilazimisha. Hilo lazima nilitangulize, kwa sababu kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nililazimishwa. Aliuliza tu, "Ni mnandi, sivyo, Bwana Karani?" Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kuomba wiki moja zaidi. Nilijua kwamba sijui, na bado nikaandika.

Ilikuwa Homa Bay, miaka michache baada ya Uhuru. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya mji, kijana wa kidato cha nne, suruali imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Kati ya ofisi na ziwa kulikuwa na bustani iliyoachwa na Wazungu: nyasi fupi, mabenchi ya saruji, mijakaranda, na huko chini, pale mafunjo yanapoanza, mkuyu mmoja mkubwa. Watu waliendelea kuiita bustani ya Wazungu ingawa Mzungu wa mwisho alikuwa amekwisha kufunga masanduku yake. Aliyeitunza alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja, mkubwa kwangu kwa miaka saba. Alifyeka nyasi, akapogoa ua, na jioni akaifunga ngazi yake ya mbao kwa mnyororo katika kibanda cha vifaa.

Ofisini sikumwambia mtu kwamba ni ndugu yangu. Alipopita dirishani akisukuma wilbaro, mimi niliinamia taipu. Naye alijua kwa nini nainama. Kwa hiyo alipita makusudi, mara tatu au nne kwa siku, akiimba kwa sauti ya kuudhi.

Lakini mambo ya nyumbani yalitufunga pamoja. Kwetu ni upande wa Migori, ng'ambo ya mto. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na sisi wawili tulikuwa bado na vibanda vyetu ndani ya boma lake, kila mmoja na mke wake. Kwetu Wajaluo mwanamume hahesabiwi mtu mzima mpaka atoke katika boma la baba yake aanzishe lake, na hatoki ovyo. Hutoka alfajiri, akitanguliwa na baba au baba mdogo, yeye na shoka, mwanawe wa kwanza na jogoo, mkewe na moto, na kabla jua halijatua nyumba iwe imesimama. Tena hutoka kwa zamu ya kuzaliwa. Mkubwa asipotoka, mdogo hawezi kutoka. Akithubutu, wazee husema chira itamla: atakonda bila ugonjwa, na watoto wake watamfuata mmoja mmoja. Ndugu yangu alikuwa amekwisha kuchagua mahali pake, na baba mdogo alikuwa amekubali. Kiangazi kilichokuwa kinakuja ni chake. Kinachofuata ni changu. Mke wangu alikuwa ameonyeshwa mteremko wetu, unaotazama mto, na kila niliporudi nyumbani alikuwa amehamisha mlango wa jiko la nyumba yetu ijayo upande mwingine kwa maneno tu.

Basi mwaka huo ndipo Karani Mkuu aliponipa kamera.

Alikuwa mtu wa kuja, hajui Kijaluo hata salamu, mtaratibu, anayependa karatasi zinyooke. Wakubwa wa Nairobi walikuwa wameandika kutaka orodha ya ndege wa bustani, na picha zao. Kamera ilikuwa ya sanduku, imesahauliwa na afisa aliyerudi kwao, pamoja na kitabu kinene cha ndege chenye michoro ya rangi. "Wewe umesoma," Karani Mkuu aliniambia. "Kazi hii si ya kila mtu." Nilitembea nayo kifuani kama medali.

Kamera ile unaishika tumboni, unatazama kidirisha kidogo kutoka juu, unazuia pumzi, unabonyeza. Picha nane kwa filamu moja. Filamu ilipandishwa basi hadi Kisii kwa Mhindi mmoja mpiga picha, na ikirudi baada ya wiki tatu ndege wenyewe wamekwisha kuhama. Jambo baya zaidi ni kwamba kitabu kilikuwa na rangi na picha zangu hazikuwa nazo. Mdiria, ambaye kwa macho ni kipande cha mbingu, alirudi kutoka Kisii akiwa na rangi ya majivu. Chozi, ndege wa maua anayemeremeta, alirudi mweusi. Mnana wa manjano alifanana na shomoro. Nilikaa na picha zangu upande mmoja na kitabu upande mwingine, na sikuweza kuwaoanisha.

Nikaanza kumfuata ndugu yangu. Sikumwomba, nilijifanya natafuta mwanga mzuri karibu na alipokuwa akifyeka. Yeye hakuhitaji kuinua kichwa. Slasha inakwenda, shh, shh, na ndege akilia juu ya mti ninauliza kana kwamba najisemea, "Huyo naye ni nani?"

"Masikio yako yako wapi? Huyo ni wa mvua. Baba alikuwa akimsikia huyo, anatoa jembe."

"Anakaa wapi?"

"Kwenye shimo, ukingo wa mto. Mwekundu kifuani. Usimngoje juu ya mti, utaota mizizi."

Nilikwenda kitabuni nikamtafuta ndege mwenye kifua chekundu anayetaga shimoni, nikampata, nikaandika jina lake. Ndivyo nilivyofanya kazi yote. Alinipa tabia zao, mimi nikatafuta majina. Ndani ya miezi miwili nilikuwa na orodha ya ndege thelathini na wawili, na labda watatu tu niliwatambua mwenyewe: mwewe, bundi, na yangeyange wa ng'ombe, ambao hata kipofu anawajua.

Karani Mkuu alifurahi mno. Aliita ofisi nzima ije kuona. "Tazameni kazi ya msomi," alisema. Kisha akanigeukia, "Nani kakufundisha haya yote?"

"Nimesoma tu kitabuni, Bwana."

Tarishi alikuwa pale, ameshika birika la chai. Kufikia saa sita mchana maneno yangu yalikuwa yamefika bustanini.

Nilimkuta ndugu yangu ameketi juu ya wilbaro iliyopinduliwa, ananoa slasha kwa tupa. Watu wa ofisini walikuwa kwenye mabenchi wakila. Hakupunguza sauti; aliniita ndugu kwa Kijaluo mbele yao.

"Omera! Eti kitabu kimekufundisha?"

"Ni kazi ya ofisi. Usipige kelele."

"Kitabu kina masikio? Kitabu ndicho kilichokuambia yule wa mvua analala shimoni?"

"Nilijibu hivyo tu. Si neno."

"Si neno. Uliona haya kunitaja. Sema. Mfagia mavi ya ndege atamfundishaje bwana wa kalamu mbili?"

"Wewe mwenyewe umesema," nikamjibu.

Nilitaka jibu lile limuume, na lilimuuma. Alinitazama kama mtu anayempima ng'ombe asiyefaa, akarudi kwenye tupa yake. Tangu siku hiyo hakunipa tena tabia ya ndege. Nikipita anatema mate pembeni. Akiwa na wenzake ananiita Bwana Kitabu, nao wanacheka. Nami nililipiza kwa njia za kikarani. Aliomba majembe mapya. Karatasi ya maombi ilikaa chini ya droo yangu mpaka ikageuka rangi.

Mvua za masika zilikuja, na pamoja nazo ndege weusi. Walitua kwenye mkuyu kwa makumi, wakubwa, weusi kutoka kichwa hadi mkia, wakaanza kubeba vijiti na kujenga. Wakati huohuo wavuvi walikuja ofisini kulalamika kwamba mnandi wanararua nyavu zao na kuwaibia samaki. Mnandi naye ni mweusi. Hukaa juu ya mawe na nguzo akiwa ametandaza mabawa yakauke, na kila mtu wa ziwani anamchukia.

Karani Mkuu aliyaunganisha mambo mawili hayo kwa furaha. Mkubwa mmoja kutoka Nairobi alitarajiwa kutuzuru, na mahali pazuri pa kujenga jukwaa, pamoja na ziwa nyuma yake, ni pale penye mkuyu. "Sasa sikiliza," aliniambia. "Wakiwa ndege wa kawaida, siwezi kuukata mti wenye viota bila barua kutoka Nairobi, na barua ni miezi. Wakiwa mnandi ni waharibifu. Waharibifu naweza kuwapiga kesho. Ninachohitaji ni picha, jina, na sahihi ya mtu aliyetengeneza orodha."

Nilikwenda chini ya mkuyu na kamera yangu. Kamera ya sanduku haivuti kitu karibu. Ukiwa chini, ndege aliye kileleni anakuwa chembe. Niliruka, nikapanda juu ya benchi, nikaegemea shina. Nikapiga picha nane. Nilihitaji ngazi, na ngazi ilikuwa kibandani, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa ndugu yangu.

Picha zilipotoka Kisii nilizipitisha bustanini kuzitazama kwenye mwanga, na alinijia kwa nyuma akanyakua moja.

"Huyu ni ndege au ni kinyesi cha nzi?"

"Nipe."

"Bwana Kitabu amempiga picha nzi akiwa chooni!" Aliinua picha ili vibarua wawili waliokuwa wakipalilia waione. Walicheka mpaka wakaweka majembe chini.

"Nipe picha ya serikali. Na nataka ngazi."

"Kwa nini?"

"Karani Mkuu anataka kujua kama ni mnandi."

Kicheko kikamtoka usoni. Alinirudishia picha. "Nitakuambia kwa ajili yao, si kwa ajili yako," alisema. "Si mnandi. Vuta pumzi hapa chini ya mti. Unasikia harufu ya samaki?"

Nilivuta pumzi. Palinuka mavi ya ndege na majani yaliyooza.

"Chini ya viota vya mnandi hupiti bila kuziba pua," alisema. "Wanadondosha samaki, wanaoza, nzi hadi barabarani. Hawa wanakula konokono. Nenda kwenye mafunjo uone maganda yalivyojaa. Na mdomo wao haufungi. Umekutana mwanzo na mwisho, katikati kuna mwanya, kama koleo lililopinda."

"Nitauonaje huo mwanya bila ngazi?"

"Omba."

"Nimeomba."

"Hujaomba. Umeagiza. Niombe kama mtu anavyomwomba mkubwa wake. Hapa, mbele ya hawa."

Vibarua walikuwa wanatazama. Kwenye benchi alikuwako mpiga chapa wa ofisi, msichana niliyependa anione kuwa mtu. Nilichotakiwa kusema ni "Ndugu yangu, tafadhali." Maneno matatu. Nikakunja picha zangu nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia, "Nenda, Bwana Kitabu. Kitakupandisha mtini."

Alikuwa mtu mgumu. Angenipa ngazi ile ningeona mdomo. Lakini hilo silisemi kujitetea, kwa maana jioni hiyo nilikifungua kitabu nikiwa peke yangu ofisini, na katika kurasa za korongo nilimkuta: ndege mweusi mzima, mdomo wenye mwanya katikati, na chini yake imeandikwa kwamba anakula konokono na hujenga kwa makundi juu ya miti. Nilimtazama kwa muda. Nilifikiri: nikiandika hili, yeye ndiye atakayekuwa amesema kweli, na vibarua watanicheka tena. Nikakifunga kitabu.

Asubuhi ndipo nilipoandika "mnandi".

Waliopiga walikuwa wawili, na bunduki za marisau. Walianza saa tatu. Wengi wa ndege walikuwa wamelalia makinda na hawakutaka kuruka. Ndugu yangu alikwenda akasimama chini ya mkuyu mikono ameikunja, na askari wawili walimwondoa wakimkokota, visigino vyake vikichora mistari miwili kwenye nyasi alizozifyeka mwenyewe. Mimi nilitazama kutoka dirishani. Ndege walianguka kama nguo mbichi. Makinda waliachwa kwenye viota, na ulipokatwa mti kesho yake walianguka pamoja nao.

Kabla ya adhuhuri aliingia ofisini. Hakuwahi kuingia kabla. Alikuwa amemshika ndege mmoja miguu, kichwa kinaburuzwa sakafuni, na alikuja moja kwa moja mezani kwangu akamtupa juu ya taipu. Alimshika kichwa, akamwinua mdomo kuelekea dirishani. Mwanga ulipita katikati ya mdomo uliofungwa. Kila mtu aliuona. Kisha akatoa kisu cha kupogolea, akampasua tumbo, na nyama za konokono, laini, nyeusi, zikamwagika juu ya barua zangu.

"Soma," aliniambia kwa Kijaluo. "Soma, msomi. Uwasomee na hawa."

Karani Mkuu alitoka chumbani kwake. "Kuna nini hapa? Huyu anasema nini, Bwana Karani?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa ofisi. Kila mzee aliyeingia pale na shida yake, ilipita kinywani mwangu kwanza. Nikasema, "Analalamika, Bwana, kwamba watu wa bunduki wamemharibia nyasi."

Ndugu yangu hakuwa na Kiswahili kingi, lakini hicho alikielewa. "Wongo!" alipaza sauti. "Bwana, hii ndege si mnandi. Hii nakula konokono. Hii kijana najua. Mimi naambia yeye!"

Karani Mkuu alimtazama ndege, akanitazama. Sidhani alikuwa mjinga. Alikuwa ananipa nafasi, au alikuwa anataka mtu wa kubeba mzigo. Mpaka leo sijui. "Ni kweli?"

"Huyu hajui kusoma, Bwana," nikasema. "Ni mnandi. Nimetia sahihi."

Hapo tarishi, mtu asiyeweza kuzuia maneno kinywani, akasema kutoka mlangoni, "Lakini Bwana, huyo si ni ndugu yake? Mama mmoja, baba mmoja."

Karani Mkuu aliinua nyusi. "Ndugu yako?"

Mpiga chapa alikuwa amegeuza kiti chake. Ndugu yangu alikuwa amesimama na kisu mkononi, mikono yake imejaa damu na konokono hadi viwikoni, shati limechanika pale askari walipomkamata. Nikasema, "Tunatoka sehemu moja tu, Bwana."

Hakunipiga. Nilidhani atanipiga na nilikuwa nimejiandaa. Aliifuta mikono yake kwenye shati, taratibu, akatoka. Alasiri ile aliachishwa kazi kwa kuingia ofisini na silaha, na barua ya kumwachisha niliipiga chapa mimi.

Mkubwa wa Nairobi alikuja, akahutubu, akaenda. Mimi nilipandishwa cheo kidogo. Nilirudisha kamera na kusema nimechoka na ndege.

Kiangazi kilipofika, baba mdogo alituita nyumbani kwa sababu ilikuwa zamu ya mkubwa kutoka. Nilikwenda nikitarajia kelele, fidia ya mbuzi, kisha mambo yaishe kama yanavyoisha kati ya ndugu. Ndugu yangu alikuja kutoka Muhuru, ambako alikuwa ameanza kuvua. Alikataa kiti. Alikataa maji.

"Mmeniita nitoke," alisema. "Sitoki."

"Jogoo ameshapatikana," baba mdogo alisema. "Mahali pamefyekwa. Unangoja nini?"

"Singoji kitu. Huyu hapa alisema mbele ya watu kwamba mimi na yeye tunatoka sehemu moja tu. Kama ni hivyo hana zamu nyuma yangu, na aende akajenge popote, leo. Lakini nyinyi mnasema ni ndugu yangu mdogo. Vizuri. Ndugu mdogo hukaa nyuma ya mkubwa. Basi na akae. Nitaishi Muhuru katika nyumba ya kupanga. Nitazeeka huko. Sitatoka, naye hatatoka."

"Unawafunga na wanao," baba mdogo alimwambia.

"Wanangu watanilaumu mimi. Wanawe wamlaumu yeye."

Baba mdogo aligeuka kwangu. "Na wewe huna la kusema?"

Nilisema mambo mengi. Nilisema kazi ya ofisi ina taratibu zake. Nilisema kwamba hata yeye alininyima ngazi. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hujasema ulilotakiwa kusema," akaingia ndani. Jogoo yule walimla siku ya Pasaka.

Wenye kusoma haya watauliza kwa nini sikujenga tu. Mimi ni mtu wa kanisa. Tulikuwa tunaimba kwamba minyororo ya zamani imekatika. Mchungaji wetu aliniambia waziwazi kwamba chira ni woga, na akanitajia Waadventista watatu waliojenga bila jogoo na wakanenepa. Nilimwamini mchana wote. Lakini baba mdogo aliapa hatanitangulia alfajiri kabla mkubwa hajatoka, na hakuna mzee mwingine wa ukoo aliyekubali. Halafu mke wangu alipoteza mimba, na baada ya hapo hakutaka hata kuusikia mteremko ule ukitajwa.

Nilikwenda Muhuru mara moja, miaka mingi baadaye, nywele zangu zikiwa zimeanza kuwa nyeupe. Nilimkuta ufukweni anageuza omena, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa, na mnandi wamejipanga juu ya nguzo za kufungia mitumbwi. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njiani kote.

"Ndugu yangu," nikasema, "nimekuja kuomba msamaha."

"Ngazi sina," akasema, bila kuacha kugeuza omena.

"Nilikosa. Nilijua ni ndege gani. Nilimwona kitabuni usiku wa kuamkia sahihi."

Hapo aliinua uso. Nadhani mpaka siku ile alikuwa akiamini kwamba nilikosea kwa ujinga, na ujinga angeweza siku moja kunisamehe. Niliuona uso wake ukifunga.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Basi nenda nyumbani, mtu wa sehemu yetu. Basi la Migori linaondoka saa nane."

Nilidhani ukweli ungemlainisha. Nilikuwa nimeuleta kwa kuchelewa mno, na nimeuleta kwa sababu nilitaka boma, na yeye alilijua hilo kama alivyojua kila kitu kwa kusikiliza tu. Hatukuonana tena.

Mke wangu alifariki kwanza. Alizikwa ndani ya boma la baba, kando ya kibanda chetu, mahali wanapolazwa wake wa vijana ambao hawajajitegemea, ingawa alikuwa bibi wa wajukuu sita. Wanawake wa kijiji waliimba vizuri, lakini niliwasikia wakinong'ona kuhusu mahali lilipochimbwa kaburi. Miaka mitatu baadaye habari zilikuja kutoka Muhuru kwamba ndugu yangu naye ameondoka. Kwa kifo chake njia yangu ilifunguka, na wazee walikuja kuniambia kwamba sasa ninaweza kutoka. Nikawauliza, nani atabeba moto? Mwanamume hatoki bila mke, na mimi nilikuwa na miaka sabini na minane. Wakanywa uji, wakaenda.

Mwanangu wa kwanza, ambaye hangeweza kutoka kabla yangu, alinunua kiwanja mbali na huku na kujenga huko. Haji. Aliniambia kwa simu kwamba hawezi kuwalea watoto wake katika foleni isiyosogea. Wa pili alimfuata.

Nimeandika haya kwa mpangilio niwezavyo, bila kumtupia Karani Mkuu lawama, wala wavuvi, wala kamera mbovu. Kwa sahihi ile nilimpoteza ndugu pekee niliyekuwa naye, na wanangu wakaenda zao. Mke wangu hakupata nyumba aliyoahidiwa, na mimi nitazikwa katika boma la baba yangu, mzee asiyewahi kuwa na boma lake.